Benedikto Kwenye Benchi Letu

Yuditha mwanangu,

Umekwenda kijijini Daa kuwaaga shangazi zako, na mama yako amekusindikiza, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka mtakaporudi. Nimeketi kwenye meza ninayosahihishia madaftari. Barua hii nimeianza mara mbili na mara mbili nimeichana, kwa sababu kila nikianza najikuta nakuhubiria, na wewe unajua jinsi ninavyochoka na mahubiri hata Jumapili.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameshakuambia kuhusu blanketi zito, maji ya kuchemsha, na kukaa mbele na dereva wa gari la dawa badala ya nyuma kwenye magunia, kwa sababu ya baridi ya kule juu Ngorongoro. Yeye anayajua hayo kuliko mimi. Mimi nataka kuzungumza juu ya maneno uliyoyasema jana wakati wa chakula cha mchana.

Mama yako alikuuliza utafanyaje na yule dresa mzee wa zahanati ya Soitsambu unayokwenda kuiongoza, Mzee Koinet, ambaye amefunga vidonda vya watu wa kule tangu wewe hujazaliwa, na ambaye kuanzia wiki ijayo atakuwa chini yako. Ukacheka. Ukasema, "Ah, mama, yule nitambembeleza tu. Nitamwambia yeye ndiye nguzo ya zahanati, halafu nitamweka kule stoo apange mabandeji. Mwenyewe hatajua."

Mimi nikainuka nikaacha ugali. Ukauliza, "Baba, kwani nimesema nini?" Nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe gani saa saba mchana, wakati wako malishoni? Nilikwenda kusimama nyuma ya zizi tupu, nimekasirika. Ningependa kukuambia kwamba sikukukasirikia wewe, lakini nilikukasirikia. Halafu nikajikasirikia mimi zaidi, kwa sababu maneno yale ni yangu. Niliwahi kuyasema, karibu hivyo hivyo, juu ya mtu aliyeitwa Benedikto Tluway.

Jina unalijua. Habari yenyewe huijui. Ulikuwa shule ya bweni wakati ule, na ulipokuja likizo ukaniuliza yule mchezaji mashuhuri yuko wapi, nilikujibu kwamba aliumia akaacha mpira. Ni kweli aliumia. Mengine yote niliyaficha, na sasa una miaka ishirini na mitatu na unakwenda kuongoza watu, nami bado nimeyaficha.

Uwanja wa misheni unaukumbuka, ule wa sementi ambao wakati wa mavuno watu walianika mahindi. Tulikuwa tunafagia punje kabla ya mazoezi, na bado mpira ulidunda juu ya punje iliyobaki ukakimbilia pembeni, na mtu akalaumiwa bure. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na magari ya watalii yamekoma. Vijana wa hoteli za kule juu, wapishi na madereva, hawakuwa na wageni wa kuwahudumia, na waliposhuka Karatu walitaka kitu cha kufanya na miili yao. Mimi nilikuwa nimejifunza mpira wa kikapu chuo cha ualimu. Nikawa kocha kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyezijua sheria.

Tulikuwa na watano wazuri sana. Aliyewazidi wote alikuwa Damiano, mpishi, mtoto wa Daa, ambaye aliruka kama vile ardhi ilikuwa inamkera. Lakini nyuma ya wale watano hapakuwa na kitu. Kwenye mashindano ya mkoa tulifungwa miaka miwili mfululizo kwa namna moja. Tunaongoza mpaka karibu na mwisho, Damiano anapata faulo ya tano, anatoka, na anayeingia badala yake anaushika mpira kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake anayelia.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sanka, aliyekuwa na duka la mbegu na majembe. Nikawaambia sihitaji nyota. Nahitaji mtu mzima mmoja anayeujua mchezo, akae benchi, aingie dakika kumi za mwisho awatulize vijana. Mzee Sanka akasema, "Benedikto amerudi." Kumbuka, mwanangu, kwamba yeye ndiye aliyelitaja jina.

Benedikto alikuwa mtu wa kwetu, Mwiraqw wa upande wa Mbulu. Alikwenda Nairobi akiwa kijana, akapata kazi kule, akacheza kule, na kwa miaka mingi watu walisema hana mwenzake kati ya Nairobi na Arusha. Nilimwona nikiwa chuoni. Tulipanda lori kwenda Arusha kwa ajili yake tu. Alipitisha mpira nyuma ya mgongo bila kutazama, ukamfikia mwenzake kifuani, na uwanja mzima ulinyamaza kwanza ndipo ukapiga kelele. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika kazi yake ilikwenda nayo, akahangaika kule mpaka akaishiwa, na sasa amerudi kwa kaka yake akiwa na mke na sanduku moja, ana miaka arobaini. Mimi nilikuwa na thelathini na mitano.

Tukakubaliana kwamba atakuwa mchezaji wa akiba. Misheni wangempa kazi ya kutunza stoo ya karakana na chumba cha kulala. Mmoja akauliza, "Na hilo la benchi nani atamwambia?" Mzee Sanka akasema, "Mleteni kwanza. Akishatia sahihi mengine yatajulikana." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikasema, "Nitambembeleza mwenyewe. Hatajua."

Nilikwenda kwa basi mpaka Mbulu, kisha kwa miguu. Nilimkuta anapalilia maharage ya kaka yake, suruali imekunjwa, mguu wa kulia umefungwa kitambaa gotini. Sikumtambua mpaka alipoinuka na kuendelea kuinuka, maana mtu yule alikuwa mrefu. Nikamwamkia, nikamweleza nimetoka wapi. Alifurahi. Hakuficha furaha yake, na hilo ndilo linaloniuma. Alimwita mkewe alete maziwa, akanikalisha juu ya jiwe lenye jua, yeye akakaa kwenye matuta.

Nikamwelezea timu, nikamtaja Damiano, nikamwambia habari ya kazi na chumba. Alisikiliza huku anasugua udongo viganjani. Halafu akaniuliza:

"Mdogo wangu, sema kweli. Mnanitaka nicheze au nikae?"

Yuditha, nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jibu la maneno machache. Kukaa kwanza, kaka, halafu kucheza mwishoni, na kutufundishia vijana. Hakuna tusi hapo. Lakini nilimtazama usoni nikaona aibu, aibu yangu mimi, kwamba mwalimu wa shule ya msingi anamwambia mtu huyu akae. Nikasema, "Ucheze, kaka! Wewe tena? Nani atakuweka benchi wewe?"

Akanitazama muda mrefu kidogo. Akasema, "Haya. Nakuja."

Fomu ya usajili aliitia sahihi ofisini kwangu, pale shuleni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Habari zilienea mpaka minada ya ng'ombe. Siku ya mechi yake ya kwanza watu walikuja kutoka Mto wa Mbu, wakaja Wamasai na shuka zao kutoka juu, wamama wakaacha mashamba. Nikasimama mbele ya wachezaji nikasoma majina matano. La kwake halikuwamo. Nilikuwa nimeliandika la sita na kulipigia mstari, kana kwamba mstari ungesaidia.

Alikuwa ameshavua sweta. Alilivaa tena, taratibu, mkono mmoja kisha mwingine, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Nikamfuata. Nikasema, "Kaka, tunakuhifadhi kwa ajili ya mwisho." Akasema, "Sawa, mdogo wangu." Tulishinda kwa tofauti kubwa, na mwisho ulipofika nikaona hakuna haja ya kumwingiza. Watu walikuwa wanaliita jina lake. Nilijifanya nasikiliza refa.

Sitaki umfanye malaika. Alikuwa na kiburi chake. Alivuta sigara nyuma ya kanisa, alichelewa mazoezi, na kijana akikosea angeweza kumwigiza mbele ya wenzake mpaka kijana atamani kulia. Mara nyingine nilijiambia kwamba kasoro hizo ndizo zinazomweka benchi. Ulikuwa uongo juu ya uongo. Aliyemweka benchi ni mimi, kwa sababu ambazo zingesimama zenyewe kama ningezisema. Goti lake lilikuwa la dakika kumi. Yeye alilijua hilo kuliko yeyote.

Na pale benchini alifanya kazi niliyomtafutia, bila mtu kumwomba. Alikaa na wale vijana wa akiba, akawaonyesha kwa kidole. Tazama yule anavyogeuza bega kabla hajapiga pasi. Tazama refa anasimama wapi. Baada ya mwezi mmoja wale waliokuwa wanaushika mpira kama mtoto anayelia wakaanza kuushika vizuri. Damiano naye, akipumzishwa, alikwenda kukaa karibu na Benedikto, si karibu nami. Siku moja wakati wa mapumziko niligeuka kutoa maelekezo nikakuta wachezaji wote wamemzunguka yeye, wameinama, wanamsikiliza. Mimi nimesimama na chaki yangu.

Nikapaza sauti. "Benedikto! Timu hii ina kocha mmoja!"

Wote wakageuka. Yeye akasema, "Naam?"

"Mchezaji wa akiba anakaa kimya. Akitakiwa ataitwa."

Ndiyo, nilitamka "mchezaji wa akiba" kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya vijana, kwa hasira. Nilichoshindwa kumwambia kwenye shamba la maharage tukiwa wawili na bakuli la maziwa, nilimtupia mbele ya watu. Ukikataa kusema jambo mahali pake linatoka mahali pengine, na linatoka likiwa limeoza. Hili sikulisoma popote, nililiona likitoka kinywani mwangu.

Akasema, "Sawa, mwalimu." Tangu siku hiyo sikuwa mdogo wake tena. Nikawa mwalimu. Na alinyamaza kweli. Mechi tatu alikaa mwisho wa benchi mikono kifuani, vijana wakimuuliza jambo anawaelekeza kwangu kwa kidevu. Ningeweza kwenda chumbani kwake karakana, ni mwendo wa kuvuka barabara. Sikwenda. Niliona yeye ndiye aliyepaswa kuja. Unaona ujinga huo? Nilimdanganya, nikamtukana, halafu nikakaa nyumbani nikisubiri aje kuniomba radhi.

Tulifika fainali Arusha. Ilikuwa Julai, ile baridi ya mawingu inayoshuka kutoka mlimani na kukaa kutwa nzima. Tuliongoza kipindi cha kwanza. Tuliongoza cha pili. Zikabaki dakika nne, Damiano akapata faulo ya tano. Ilikuwa vilevile kama ile miaka miwili ya kufungwa, na ndiyo saa ambayo nilimleta yule mtu kutoka Mbulu kwa ajili yake. Nikageuka. Alikuwa amekaa pale tangu mwanzo, bila kusimama, maana nilikuwa nimesema mchezaji wa akiba anakaa kimya.

"Ingia," nikasema.

Akainuka kwa kujishika kwenye benchi. "Mwalimu, goti limeganda. Ungeniambia mapema kidogo ningelipasha."

"Unaingia au huingii?"

Akaniangalia kama alivyoniangalia shambani. Akaingia.

Nikuambie alichofanya, kwa sababu hakuna aliyekiandika popote na mimi ndiye ninayekumbuka. Hakukimbia. Alisimama katikati akawakimbiza wengine. Aliinua mkono mmoja na vijana wetu, waliokuwa wameanza kugongana kama mbuzi mlangoni, wakatulia. Pasi ya kwanza alimpa kijana aliyekuwa mgongoni kwake, bila kugeuka, ikawa kikapu. Ya pili vilevile. Ya tatu wapinzani wakamfuata wawili, akawatazama kwa upole kama anayewauliza njia, akarusha mwenyewe kutoka mbali, na mpira ukapita kwenye wavu bila kugusa chuma. Uwanja ule wa wageni ulimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama, nalia, naona aibu kulia, na bado kichwani nawaza kwamba nilifanya vizuri kumhifadhi.

Ikabaki chini ya dakika moja, tunaongoza kwa pointi moja. Wakarusha wao, mpira ukagonga chuma ukaruka juu. Benedikto naye akaruka. Aliupata, kwa mikono miwili. Halafu akashukia mguu ule wa kulia, goti likageuka upande ambao goti haligeukii, na nilikisikia kilio chake kutoka benchini. Mpira ukamtoka. Wakauokota, wakafunga. Tukafungwa kwa pointi moja.

Tulilala kwenye darasa la shule moja, asubuhi tukapanda lori. Yeye alikaa pembeni ameunyoosha mguu juu ya gunia, goti limevimba. Tukapita Monduli. Ndipo Mzee Sanka akaanza, kwa sauti ya kuzishinda gia za lori.

"Nilisema mimi. Ukileta mzee, unapata mzee. Tulikuwa na kombe mkononi."

Yeye ndiye aliyelitaja jina, Yuditha! Yeye! Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba bila mtu huyu tungefungwa kwa pointi kumi, kwamba goti lake lilikufa kwa sababu kocha hakumwambia apashe moto mwili, na kwamba kocha hakumwambia kwa sababu ya kiburi. Maneno yote yalikuwepo. Damiano alisema, "Mzee, bila kaka Benedikto tusingefika hata pale," kisha akanigeukia mimi, akasubiri. Wote wakasubiri. Benedikto hakunitazama. Alikuwa anaangalia barabara tuliyoiacha.

Nami nikaangalia milima. Niliangalia milima ile ya Monduli kama mtu anayeinunua.

Watu husema kosa langu lilikuwa kumchezesha bila kupasha mwili. Mama yako anafikiri kosa ni ule uongo wa shambani. Mimi nimepima kwa miaka tisa, na kila mara narudi kwenye lori. Shambani niliogopa na uwanjani nilikuwa na kiburi, lakini kwenye lori nilikuwa naujua ukweli wote, na mtu ameumia miguuni pangu, na kilichohitajika ni sentensi moja tu.

Mto wa Mbu tulisimama kununua ndizi. Benedikto akashuka na fimbo aliyochongewa na dereva. Akasema, "Mimi naishia hapa, mwalimu. Nina ndugu hapa." Nikasema, "Pole na goti." Akasema, "Pole na wewe." Lori likapanda mlima, nami nikala ndizi. Wiki moja baadaye mke wake alikuja kuchukua sanduku na kurudisha funguo za stoo. Jezi alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Nilimwuliza hali ya mumewe, akasema, "Anatembea." Hakunikaribisha kuuliza zaidi.

Damiano hakucheza tena kwetu. Hakugombana na mtu, aliacha tu kushuka kutoka hotelini siku za mazoezi. Wale wengine wakapungua mmoja mmoja, na mwaka uliofuata uwanja ukarudi kuwa wa mahindi kabisa.

Ilipita miaka mitatu ndipo nikamtafuta. Nilipelekwa semina ya walimu Mbulu, na siku ya mwisho nikatoroka kikao cha mchana nikauliza anakoishi. Nilimkuta anamwagilia vitunguu kwa kopo, mguu wa kulia haukunjiki. Alinikaribisha, akaniletea kiti, mkewe akaleta chai. Tukazungumzia mvua. Tukazungumzia sukari inavyokosekana. Nilipoona jua linashuka na bado naongelea sukari, nikajilazimisha.

"Kaka, siku ile uliponiuliza kama tunakutaka ucheze au ukae, nilikudanganya."

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaja. Mwenyekiti wenu alipita hapa siku mbili kabla yako, anatembeza mbegu. Alimweleza kaka yangu yote, na benchi lenyewe."

Nikaweka kikombe chini. "Kama ulijua, kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza, mwalimu. Sikukuuliza?"

Nikamwuliza, sasa ulikuja kwa nini. Akatazama vitunguu vyake.

"Nilikuwa na miezi mitano nalima maharage ya kaka yangu. Watoto wake wananiita mgeni. Benchi ningelitaka. Ungeniambia benchi, ningekuja kwa miguu."

Hebu fikiri, mwanangu. Nilidanganya ili kumlinda na jambo ambalo alikuwa analitamani. Kama lingekuwa kosa lenye faida kwa mtu yeyote, walau kwangu, ningejua la kufanya nalo. Halikumfaidi mtu hata mmoja.

Nikamwomba samahani. Nilisema yote, shamba, chaki, lori. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Nilisubiri aseme, akaniongezea chai. Nilitamani anitukane, anifukuze, lakini alinisindikiza hadi barabarani kwa mguu ule ulionyooka, hatua kwa hatua, nami natembea polepole ili tuwe sawa, na basi lilipokuja akanipa vitunguu vya mama yako. Mliviona vitunguu hivyo. Mlivisifu. Nilikasirika mezani siku ile pia, nanyi hamkujua kwa nini.

Sasa Mzee Koinet. Simjui. Huenda mkono wake unatetemeka na hafai tena kushika sindano. Huenda amezoea kuwakaripia wagonjwa, huenda hasomi maandishi ya dawa mpya. Wewe umesoma, na watu wa Soitsambu wanastahili mtu aliyesoma. Kama mahali pake ni stoo, mweke stoo. Sikuambii umwachie sindano kwa ajili ya mvi zake. Mimi pia nilikuwa sahihi kuhusu benchi, na usahihi wangu haukunisaidia kitu.

Lakini mwambie. Kabla hujafungua kabati la dawa, kabla hujasoma daftari, mtafute, kaeni mahali ambapo hakuna anayewasikiliza, umwambie wewe mwenyewe unachokitaka kwake na usichokitaka. Akikuuliza swali, mjibu swali alilouliza. Ataumia, pengine atakununia mwezi mzima. Wewe utaona ni heri ungembembeleza. Mimi ninakuambia hutaona hivyo ukifika umri wangu. Na siku watu wakimlaumu kwa kosa lililo lako, na siku hiyo itakuja, usiangalie milima.

Nimesoma niliyoandika na nimepata hasira nyingine mpya. Tazama ninachofanya. Nakuambia umweleze mtu ana kwa ana, nami nakuandikia karatasi. Nilipanga kuichomeka kwenye begi lako, chini ya blanketi, uikute umeshafika Soitsambu, milima yote imeshatutenga, nami niko salama huku na madaftari yangu. Miaka tisa, na bado mimi ni yule yule wa kwenye lori.

Sitaichomeka. Nasikia mama yako anacheka kule njiani, mnakaribia. Ukiingia nitakuomba uketi, nitakupa barua hii mkononi, na nitakaa hapa hapa mbele yako mpaka uimalize. Kisha niulize lolote unalotaka. Nitakujibu.

Baba yako